Historia Fupi ya Distro za Linux, na Funzo Nililolipata Chitete

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze historia ya jambo ambalo wengi wenu hamlijali na wachache wenu mnaligombania. Katika mkutano wetu uliopita, tulipokubaliana kuisaidia shule yetu ya zamani kwa chumba cha kompyuta, hapakuwa na ubishi juu ya fedha wala juu ya meza na viti. Ubishi ulizuka baina ya watu watano au sita tunaopenda kuzichokonoa mashine hizo. Swali lilikuwa: ziwekewe Linux ya namna gani? Ndugu mmoja wa Dar es Salaam alisema Arch. Ndugu wa Mbeya akasema Debian. Wa tatu, ambaye tangu Kidato cha Pili hajakubali kushindwa, akasema kwamba mtu asiyewahi kuijenga Gentoo kwa mikono yake mwenyewe haijui kompyuta. Wajumbe wengine wote walikwenda kunywa chai.

Naandika kwa ajili ya hao watano au sita, lakini nitajitahidi waliokwenda kunywa chai nao waelewe, maana fedha ni zao. Mimi siku ile nilinyamaza. Baadhi yenu mlinistaajabia, kwa kuwa mnajua nilivyokuwa mbishi. Nilinyamaza kwa sababu yaliyonipata Chitete mwaka 2022 yalikuwa bado yananiuma. Leo nitayasema, lakini kwanza historia.

Mwanzo wa habari

Wakati wetu shuleni hapakuwa na kompyuta. Mtambo mkubwa kuliko yote ulikuwa ile mashine ya stensili ya kuchapia mitihani, nayo ilifungiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Jambo hili halikuwa la shule yetu peke yake. Kompyuta ya kwanza ililetwa nchini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na amri hiyo ndiyo iliyotukuta tukiwa wanafunzi.

Mwaka 1983, sisi tukijiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne, kule Marekani bwana mmoja aitwaye Richard Stallman alitangaza, tarehe 27 Septemba, nia yake ya kutengeneza mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuufungua na kuutazama ndani, kuubadili, na kumpa jirani yake. Mfumo huo aliuita GNU. Sehemu nyingi zilikamilika, ila kiini chake kilichelewa. Ndipo tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21, alipotangaza kwamba anatengeneza kiini chake mwenyewe. Hicho ndicho Linux. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ile ile ya GNU, na watu wakaanza kuviunganisha vitu hivyo viwili.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Aliyefika Tunduma ameona foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Huenda malori kumi yakawa na injini ya aina moja, lakini hili limefungwa tela la mafuta, lile la kubebea shaba, na lile jingine fundi wa mtaani kalijengea bodi ya mbao. Linux ni injini. Kuipata injini peke yake hakumfikishi mtu popote. Lazima pawe na mtu wa kukusanya injini, bodi, magurudumu na taa, akaviunganisha na kukukabidhi gari linalokwenda. Mkusanyo wa namna hiyo wataalamu huuita distro. Ubishi wetu, basi, haukuhusu injini. Ulihusu mafundi wa bodi.

Mafundi wawili wa mwaka 1993

Katika mwaka 1992 palikuwa na mkusanyo mmoja uliotumiwa na watu wengi, jina lake SLS. Ulikuwa na kasoro nyingi, na kasoro hizo zikawaudhi vijana wawili wa Marekani, kila mmoja kwa wakati wake.

Wa kwanza, Patrick Volkerding, alianza kuzirekebisha kasoro hizo kwa mkono wake, na Julai 1993 akatoa mkusanyo wake akiuita Slackware. Wa pili, Ian Murdock, aliona kwamba kurekebisha hakutoshi. Agosti 1993 alitangaza mkusanyo mpya utakaojengwa na watu wengi kwa pamoja, mbele ya macho ya wote. Aliuita Debian, akiunganisha jina la mchumba wake Debra na jina lake la Ian.

Ugomvi ulikuwa mmoja, lakini majawabu yalikuwa mawili, na majawabu hayo ndiyo yanayotugombanisha hata leo. Slackware imebaki mikononi mwa Volkerding. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Debian ilijiandikia mkataba na jamii mwaka 1997, na katiba mwaka 1998. Humchagua kiongozi wake kila mwaka kwa kura, na Murdock mwenyewe alikwisha kuuachia wengine uongozi mwaka 1996. Alifariki Desemba 2015, na Debian haikutikisika. Ndugu zangu, hebu yawekeni maneno hayo akibani, nitayarudia.

Mimi niliikuta Slackware kwanza. Ilikuwa mwaka 1997, nikiwa mtumishi wa ofisi moja Dar es Salaam, na mwenzetu mmoja aliyetoka masomoni ng'ambo alirudi na CD yake. Tuliiweka kwenye mashine iliyokuwa imekwisha andikiwa kutupwa. Kila kitu kilikuwa faili la maandishi ya kawaida. Ukitaka kujua kompyuta inafanya nini inapowaka, ulifungua faili na kusoma, kama mtu asomavyo barua. Ukikosea, ulikosea wewe. Kuwasha picha kwenye kioo ilibidi uandike mwenyewe kasi ambayo kioo kinaweza kuhimili, na maelezo yalionya kwamba ukizidisha, kioo chaweza kuungua. Tuliandika namba huku mmoja wetu ameshika waya wa umeme tayari kuuchomoa. Kioo kilipowaka tulipiga makofi. Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa jambo hili.

Machi 2002

Miaka tisa baadaye, katika mwezi mmoja, zilitoka distro mbili ambazo ndizo wapenda kuchokonoa huzitaja hadi sasa. Tarehe 11 Machi 2002 Judd Vinet wa Kanada alitoa toleo la kwanza la Arch. Mwishoni mwa mwezi huo Daniel Robbins alitoa Gentoo 1.0, ambayo imepewa jina la aina ya pengwini aogeleaye kwa kasi.

Gentoo ni mtu anayekataa kununua unga dukani. Huchukua mahindi yake, akachagua aina, akaamua akoboe au asikoboe, kisha akasaga mwenyewe. Maana yake, programu hazikujii zikiwa tayari. Unachukua msimbo wake kama ulivyoandikwa na waandishi, unaeleza unataka nini na hutaki nini, na mashine yako yenyewe inazitengeneza. Kama huna printa, basi sehemu zote za printa waweza kuziacha nje. Hakuna distro inayotii matakwa ya mwenye mashine kuliko hiyo. Lakini kusaga kuna gharama. Kwenye kompyuta dhaifu programu moja kubwa huchukua usiku kucha, na umeme ukikatika alfajiri unaanza kuhesabu hasara. Wenyewe wamelitambua hilo, na tangu Desemba 2023 wanatoa pia unga uliosagwa tayari kwa mwenye kuutaka.

Arch haikusagishi. Vifurushi vya programu viko tayari, lakini unakabidhiwa nyumba tupu: kuta, mlango na bomba la maji. Kitanda utakachokiingiza ni chako, na usichokiingiza hakimo. Maelezo yake ya maandishi ni mazuri mno, hata watumiaji wa distro nyingine huyasoma. Tena Arch haina matoleo ya mwaka. Ni mto unaotiririka, kila siku maji mapya. Programu ikitoka leo kwa waandishi wake, baada ya siku chache iko kwako. Kwa sababu hiyo ina sharti moja: aliye mtoni lazima aende na mto. Kusasisha ni kusasisha mfumo mzima, na mara kwa mara. Kuchukua kifurushi kimoja kipya na kuviacha vingine katika ukale wao ni jambo ambalo wenye Arch wenyewe wanalikataza.

Nilihamia Arch mwaka 2008, nikaipenda. Naipenda hata leo.

Nasi tulikuwa na neno letu

Isidhaniwe kwamba historia hii yote ni ya Wazungu. Oktoba 2004 Mwafrika wa Kusini, Mark Shuttleworth, alitoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian. Hadi mwaka 2011 walikuwa wakituma CD bure kwa posta, popote duniani, kwa mtu yeyote aliyeomba. Enzi hizo mkongo wa baharini ulikuwa haujafika. Wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam Julai 2009. Kupakua CD moja kwa simu ya waya ilikuwa kazi ya siku kadhaa, ikiwa simu haikukatika. Bahasha ile ya posta ilifanya zaidi kueneza Linux nchini kuliko hotuba nyingi.

Katika mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, wa kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema na mtumiaji kwa lugha yetu. Niliiweka kwenye kompyuta ya karani mmoja mama wa makamo. Alisoma orodha ya amri kutoka juu hadi chini, akaniambia, "Kumbe ilikuwa inasema hivi miaka yote!" Neno lake lile lilinipasa kunifundisha kitu, lakini wakati ule nililicheka tu. Sikujiuliza kama mashine zangu zilisema lugha ambayo mwingine angeielewa.

Yaliyonipata Chitete

Nilistaafu na kurudi nyumbani mwaka 2019. Mliopita Chitete zamani hamtaitambua. Wilaya ya Momba ilipotengwa na Mbozi mwaka 2012, makao makuu ya Halmashauri yaliwekwa hapa, na Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, shughuli zikazidi kuongezeka. Shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja jina, iliniomba nisaidie chumba cha kompyuta. Zilikuwa mashine 11 za mitumba zilizonunuliwa Tunduma.

Nikaona nimepata uwanja. Mashine tisa nikaziwekea Arch. Nilizipanga kwa upendo mkubwa: kila moja nyepesi, inawaka haraka, madirisha yanapangika kwa vidole bila kugusa kipanya. Nilitenga mashine moja iwe ghala la vifurushi, ili tukinunua bando mara moja zote tisa zinywe hapo. Mbili zilizobaki zilikuwa kuukuu, za biti 32. Arch ilikwisha kuziacha mashine za namna hiyo tangu mwaka 2017. Basi nikazitupia Debian 10 ilivyo, bila kuipamba, nikazisukuma pembeni kwa ajili ya watoto wa kujifunza kuchapa. Niliziita "vibibi".

Mwalimu aliyekabidhiwa chumba alikuwa kijana msikivu. Nilimwonyesha amri za kusasisha. Sikumwandikia chochote. Kila alipouliza, nilimjibu, "Usihangaike mwanangu, niite tu, mimi nipo." Miaka mitatu nikawa nipo.

Mwaka 2022 nilikwenda Dar es Salaam kwa matibabu, nikakaa miezi saba. Mwezi wa saba ndipo simu ilipolia.

"Shikamoo mzee. Kompyuta zimegoma."

"Marahaba mwanangu. Ipi?"

"Zote, mzee. Isipokuwa vile vibibi viwili."

Haya ndiyo yaliyotokea. Shule ilipata printa mpya, na mwalimu akahitaji programu yake. Bando alilokuwa nalo halikutosha kusasisha miezi saba yote, basi akachukua orodha mpya na kile kifurushi kimoja tu. Mashine ikakataa. Kila kifurushi cha Arch huja na sahihi, na funguo za kuhakikishia sahihi hizo nazo hupitwa na wakati. Baada ya miezi saba nyingine zilikuwa zimechakaa. Mwalimu akatafuta dawa, akapata ushauri wa kuzima ukaguzi wa sahihi, akauzima. Kifurushi kikaingia, kikavuta maktaba mpya ya programu, na programu nyingine zote zilizokuwa zikiitegemea ile ya zamani zikabaki yatima. Lakini mashine iliyokwisha kuwaka haikuonyesha dalili. Ilichapa karatasi vizuri kabisa. Akafurahi, akazifanyia zote tisa kutoka kwenye ghala langu. Jioni akazizima. Asubuhi hapakuwa na hata moja iliyofika mahali pa kuandika jina la kuingilia.

Ndani ya mashine hizo zilikuwamo alama za maendeleo za Kidato cha Nne, nazo zilikuwa zimebakiza siku tatu zitumwe. Nilimsomea amri kwa simu saa nzima, yeye akisoma kilichoandikwa kwenye kioo herufi kwa herufi, hadi salio likaisha. Haikusaidia. Ndipo alipochukua madaftari ya watoto na karatasi za majaribio, akakaa kwenye kibibi kimoja usiku mbili, akaziandika alama zote upya. Zilifika kwa wakati. Lakini aliitwa ofisini kujieleza, na hakuwa na la kueleza, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Niliporudi Chitete niliziwasha kwa flashi, nikatoa alama zote zikiwa salama. Hazikupotea hata moja. Ila mwalimu hakuniuliza tena swali lolote kuhusu kompyuta. Aliniamkia kwa heshima, akanipa ufunguo wa chumba, akaenda darasani.

Tulinganishe sasa

Wazoefu wengi hulinganisha distro kwa wepesi, kwa upya wa programu, au kwa kiasi gani mtu aweza kuzibadili. Mizani hiyo ni halali kwa mashine iliyo mezani kwako. Kwa mashine utakayoiacha kwa wengine, mimi nathubutu kusema mizani ni tatu: inahitaji intaneti kiasi gani ili ibaki hai, ikikaa bila kuguswa miezi saba inakuwaje, na asiyekuwa wewe ataanzia wapi kuitengeneza.

Gentoo hupendeza mno kwa kujifunza, lakini kila mashine huwa ya peke yake duniani, na anayeijua ni aliyeijenga. Kwa mizani ya tatu inashindwa.

Arch haina kosa lolote katika hadithi yangu. Ilisema wazi sharti lake, nami nikaipeleka mahali ambapo sharti hilo haliwezi kutimizwa. Mto haufai kwa mtu anayeteka maji mara mbili kwa mwaka.

Slackware inastahili heshima kuliko inayopewa. Ukiwa na DVD yake una kila kitu, na intaneti waweza kuisahau. Toleo la 14.2 lilitoka mwaka 2016 na la 15.0 Februari 2022. Hapo katikati mashine ziliendelea kupokea marekebisho ya usalama bila kubadilishwa tabia. Tena 15.0 bado ina toleo la biti 32. Udhaifu wake ni kwamba ukiongeza programu ya nje, haikutafutii vitu ambavyo programu hiyo inavitegemea. Kwa fundi huo ni uhuru. Kwa mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki ni adha.

Lipo kundi lililokimbia distro kubwa kwa sababu ya systemd, ule mtambo wa kuwasha na kusimamia huduma ambao Debian iliupokea katika toleo la 8 la mwaka 2015. Baadhi walitengana na Debian wakaanzisha Devuan. Wengine walikwenda Void, ambayo hutumia runit, chombo kidogo na chepesi. Hoja zao nazielewa, na kwenye kompyuta yangu ndogo nimeiweka Void. Lakini mwalimu wetu hakukwama kwa sababu ya systemd.

NixOS ndiyo iliyonipa shida katika kuamua. Msingi wake ni kazi aliyoianza Eelco Dolstra huko Uholanzi mwaka 2003. Mfumo mzima unaelezwa katika faili moja, na kila badiliko huacha nyuma hali ya awali ikiwa nzima. Mashine ikiharibika, unaiwasha upya na kuchagua hali ya jana. Kwa haki yote, NixOS ingemwokoa mwalimu asubuhi ile katika dakika mbili. Ndugu atakayeitetea mkutanoni atakuwa na hoja nzito. Kinachonirudisha nyuma ni kwamba hula bando na nafasi ya diski kwa wingi, na lugha ya faili lile haifanani na chochote alichokwisha kukiona mtu wa kawaida. Siku ambayo kwenda nyuma hakutoshi, atahitajika mjuzi, nasi tutakuwa mbali.

Debian inabaki. Wachokonoaji huidharau kwa kuwa programu zake huzeeka, nayo ni kweli: toleo thabiti hutoka kila baada ya miaka miwili hivi, na baada ya hapo huruhusu marekebisho tu. Lakini hiyo ndiyo sababu vibibi vyangu vilisimama. Mwalimu alivisasisha siku ile ile kwa bando lile lile, na havikubadilika kitu. Kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka mitano. Tena si kweli kwamba Debian haibadiliki kwa atakaye: waweza kuiweka tupu bila hata dirisha moja, ukajenga juu yake nyumba uipendayo kama ujengavyo kwenye Arch. Jambo la kuangalia ni moja. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashine za biti 32. Tukipewa mitumba ya aina hiyo tuikatae, au tuiwekee Slackware.

Pendekezo langu

Mashine za wanafunzi na za ofisi ziwekewe Debian thabiti, zote sawa, bila mapambo ya mtu yeyote. Pembeni tutenge mashine mbili ambazo hazina kazi ya shule ndani yake, Slackware katika moja na Arch katika nyingine, ziwe za watoto kuzivunja na kuzijenga. Mtoto mwenye ugonjwa kama wangu naye apate dawa yake. Gentoo abaki nayo nyumbani ndugu yetu wa Kidato cha Pili, na tutakwenda kumtembelea siku itakapomaliza kujijenga.

La mwisho ni daftari. Daftari la kawaida la kurasa 200, lenye jalada gumu, lifungwe kwa kamba kwenye meza ya kwanza. Kila tutakachokifanya kiandikwe humo kwa Kiswahili: amri, tarehe, sababu, na la kufanya ikishindikana. Na pasiwe na mtu mmoja anayejua peke yake. Wawe wawili, na mmoja wao asiwe mmoja wetu.

Nilisema nitayarudia maneno ya Volkerding na Murdock. Miaka mingi niliwapenda mafundi wa namna ya kwanza, mtu mmoja na kazi ya mikono yake, nami nikajiona wa ukoo wao. Lakini Volkerding aliwaandikia watu mafaili yanayosomeka. Mimi hata hilo sikulifanya. Nilimwambia kijana aniite, nikadhani huo ndio ukarimu.

Mwaka jana nilinunua daftari, nikaandika kila kitu kuhusu zile mashine 11, ambazo sasa zote ni Debian, nikampelekea mwalimu. Alilifungua akasoma kurasa mbili za mwanzo akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akatoa kalamu mfukoni, akasahihisha namba moja niliyokuwa nimeikosea.

Nawatakia mkutano mwema. Safari hii sitanyamaza, na wajumbe wengine naomba chai isubiri kidogo.